Mtoto kauliza tucheze wapi, kajibiwa mpira

Mkutano wa mtaa ulikuwa unaelekea kuisha. Saa kumi na moja kasoro, jua limeshaanza kupoa, watu wanaangalia simu, wengine wameshasimama wanajikung'uta vumbi, mwenyekiti kauliza kama kuna swali la mwisho, na kule pembeni ukutani walikosimama wanafunzi waliokuja kuangalia tu, mkono mmoja ukanyooka. Binti wa miaka 12 hivi, bado yuko na sweta la shule.

Mwenyekiti akataka kumpita. Akasema watoto wasubiri, kuna wakubwa hawajaongea. Diwani alikuwepo meza kuu na hapa nampa haki yake, akasema hapana, muacheni aongee.

"Shikamooni. Naomba kuuliza, pale uwanjani wamepiga vigingi, wanasema zinajengwa fremu za maduka. Sasa sisi tutacheza wapi?"

Watu wakapiga makofi maana aliongea vizuri, sauti haikutetemeka. Diwani akatabasamu, akamsifia, akasema huyu ndo kiongozi wetu wa kesho, alafu akamjibu: "Mwanangu, wiki ijayo nawaletea mpira. Tena mipira miwili kabisa."

Makofi tena, makubwa kuliko ya kwanza. Mkutano ukafungwa kwa sala.

Mipira ililetwa kweli.

Na mimi tangu siku ile nimeshindwa kuliacha hili jambo, nikiwa dukani nalifikiria, nikiwa napika nalifikiria, mpaka mume wangu kaniambia andika basi upumzike.

## Swali lilikuwa la ardhi

Mwanzoni nilijiambia nakuza mambo. Mipira si imekuja? Watoto si wanacheza? Ndiyo wanacheza, ila saa hizi wanachezea kwenye ile barabara ya vumbi inayoshuka mtoni, na kila bodaboda ikitokea mmoja anapiga kelele "pikipiki!" wote wanakimbilia mtaroni, ikipita wanarudi, na mama wa kwenye genge la kona ameshazoea kukaa na moyo mkononi kila jioni.

Yule binti aliuliza kuhusu ardhi. Akajibiwa kuhusu mpira.

Watu wazima wamejaa pale na hakuna aliyesema jamani, mtoto hajajibiwa.

Sitaki mtu asome hapa aone namsema diwani wetu vibaya. Ni mtu anayepokea simu. Msiba ukitokea anafika, mgonjwa akikosa hela ya kadi anatoa, na kile kitendo cha kusema muacheni aongee, viongozi wengi wasingekifanya. Ndo maana limenisumbua. Angekuwa mtu wa hovyo ningesema ndo zao, nikaendelea na shughuli zangu. Lakini huyu alimsikia mtoto, alitaka kumsaidia, na bado mtoto akaondoka bila jibu, kwahiyo shida iko ndani zaidi ya tabia ya mtu mmoja.

## Hana mfuko, ana kiti

Mbunge ana Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, upo kisheria tangu 2009. Diwani hana kitu kama hicho. Ana posho yake ya mwezi na posho za vikao, basi. Alafu sisi kata nzima tunamgeukia yeye: jezi za timu, mchango wa harusi, sare ya mtoto wa fulani, nauli ya mgonjwa kwenda hospitali ya KCMC, na akishindwa tunasema huyu tumemchagua wa nini.

Anachopewa diwani ni kiti. Yeye ndo mwenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata, mtendaji wa kata ndo katibu wake, wenyeviti wa mitaa ndo wajumbe. Anaingia kwenye Baraza la Madiwani ambalo kwa kawaida linakaa kila baada ya miezi mitatu, linapitisha bajeti, linatunga sheria ndogo, linamuuliza mkurugenzi na wakuu wa idara zake hela zimeenda wapi. Na anakaa kwenye kamati za kudumu, ikiwemo ile ya mipango miji na mazingira, ambapo mtu akitaka eneo libadilishwe matumizi, maombi yake ndipo yanapopita.

Soma tena hiyo ya mwisho.

Yaani kama uwanja wa watoto unageuzwa kuwa fremu kwa kufuata utaratibu, kuna meza ambayo hilo suala linapita, na waliokaa kwenye hiyo meza ni madiwani. Na kama linafanyika bila kufuata utaratibu, mtu wa kwanza mwenye nafasi ya kusimama na kuuliza ni diwani. Hahitaji hata shilingi mia.

Sheria ya Mtoto Na. 21 ya 2009 nayo iko wazi. Kifungu cha 94 kinaipa halmashauri jukumu la kulinda na kuendeleza ustawi wa mtoto kwenye eneo lake, na kifungu cha 11 kinasema mtoto anayeweza kuwa na maoni asinyimwe nafasi ya kuyatoa, kusikilizwa na kushiriki kwenye maamuzi yanayomgusa. Kwahiyo yule binti alivyonyoosha mkono alikuwa anatumia haki yake, hata kama mkutano wa mtaa kwa taratibu ni wa watu wa miaka 18 kwenda juu.

## Mzee wa fotokopi

Mimi nina duka la stesheneri, si mbali na ofisi ya kata. Natoa kopi, naprinti, nachapa barua. Kuna mzee mmoja mteja wangu wa siku nyingi, aliwahi kuwa diwani kipindi cha nyuma huko, anapenda kukaa kwenye benchi akisubiri kopi zake na kuongea. Nikamsimulia habari ya mpira.

Hakushangaa hata kidogo.

"Mama, nikwambie. Diwani akikaa kimya kwenye baraza, hakuna anayejua. Akikosa kwenye msiba, kata nzima inajua."

Nikamuuliza kwahiyo yeye enzi zake alikuwa anafanyaje. Akasema alikuwa anaenda misibani. Alafu akanyamaza, akaongeza kwamba kuna miaka alipitisha bajeti bila kufungua ukurasa wa elimu, kwa sababu hakuna mwananchi hata mmoja aliyewahi kumuuliza kuhusu ule ukurasa, na kitabu ni kikubwa, na kinaletwa kwa kuchelewa.

Aliondoka, mi nikabaki na ile kauli. Maana inamaanisha huyu diwani wetu wa sasa tumemfundisha sisi wenyewe. Kila tukimpigia makofi kwa mpira na kutomuuliza kuhusu kikao, tunamwambia kazi yake ni ipi.

## Nilienda kukaa nyuma

Watu wengi hawajui kwamba kikao cha Baraza la Madiwani mwananchi anaruhusiwa kwenda kusikiliza. Huongei, ila unakaa. Nikafunga duka, nikaenda.

Kiukweli masaa ya mwanzo nilitaka kuondoka. Taarifa zinasomwa, kata kwa kata, barabara imekatika, kalavati limezibwa, taka hazijazolewa. Watoto hawakutajwa kabisa mpaka nikaanza kuhisi nimepoteza siku.

Alafu akasimama mama mmoja, diwani wa viti maalum.

Hakuwa na maneno mengi. Alitaja shule moja, akataja idadi ya wasichana, akataja idadi ya matundu ya vyoo yanayotumika, akasema mwongozo wa serikali ni tundu 1 kwa wasichana 20 na tundu 1 kwa wavulana 25, akauliza: hii shule kwa hesabu hiyo inahitaji matundu mangapi, yapo mangapi, na kwenye bajeti hii yametengewa shilingi ngapi? Akauliza pia kama kuna chumba cha kujistiri, kwa sababu mabinti wakiwa kwenye siku zao wanabaki nyumbani, na mahudhurio yanaonyesha.

Afisa ikabidi asimame. Hakuwa na jibu kamili. Mwenyekiti akasema iletwe taarifa kikao kijacho, na katibu akaandika.

Ilichukua dakika chache sana. Hakuna aliyepiga makofi. Hakuna picha iliyopigwa. Na mimi kule nyuma nikasikia kama nataka kulia, kwa sababu nilikuwa nimetafuta wiki zote hizo nione kumtetea mtoto kunafananaje na sasa nimekuona, ni mtu mzima kasimama na namba sahihi kwenye chumba sahihi, na swali lake limeingia kwenye muhtasari ambapo haliwezi kusahaulika kirahisi.

Wale mabinti hawatajua jina lake. Wengi hawana hata habari kwamba ameuliza.

## Ila vijana nao wanautaka ule uwanja

Hapa ndo palinichanganya, na mpaka leo sijapamaliza vizuri.

Dukani kwangu kuna machalii wanakuja kuprinti makaratasi ya kikundi. Mnaujua ule mkopo wa asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu, hauna riba. Ulisimamishwa 2023 ukarudi 2024, na machalii wa hapa waliusubiri kwa hamu kubwa. Nawachapia katiba, nawachapia andiko la biashara, wanabishana pale kaunta nani awe mweka hazina. Vijana wazuri, wana adabu, wawili ni bodaboda, mmoja kinyozi.

Siku moja namuuliza kinyozi, mkipata mkopo mnafungua wapi? Akaniambia: "Mama, zile fremu mpya zinazojengwa uwanjani. Tumeshaweka oda."

Nikakosa la kusema.

Kwa sababu na yeye ni kijana wa kata hii hii. Alicheza kwenye uwanja huo huo. Sasa ana miaka 24, anataka kazi, na mtu akimwambia fremu zisijengwe kwa ajili ya watoto anaona anaambiwa aendelee kukaa kijiweni. Huwa tunasema "watoto na vijana" kwa pumzi moja kama vile wanataka kitu kimoja, kumbe hapa mmoja anataka nyasi na mwingine anataka zege, na wote wana haki.

Nimelifikiria sana hili. Na ninavyoona mimi, diwani anayewatetea kweli hawezi kuchagua mmoja akamtupa mwingine. Fremu zinaweza kujengwa kando ya barabara kuu, zinaweza kupangwa sokoni, kuna sehemu tatu nne kwenye kata hii ambazo mtu mwenye nia anaziona. Uwanja ukishajengewa fremu haurudi. Huku kwetu nyumba zimebanana, watu walijenga kabla ya mpango wowote, hata urasimishaji wa makazi ulivyokuja ilikuwa shida kupata njia ya gari kupita, nani atakata kiwanja chake awape watoto? Kwahiyo kile kipande kilichobaki ndo hicho hicho. Kinyozi nilimwambia hivo hivo. Hakukubali, ila hakukataa pia, akasema "sasa diwani si angetuita tukaongea."

Si ndo hapo. Hakuna aliyewaita. Watoto wameambiwa mpira, machalii wameambiwa fremu, kila mmoja ameambiwa peke yake.

Na wakati haya yanatokea, kule Olmoti, Arusha, unajengwa uwanja wa watu 30,000 kwa ajili ya AFCON 2027 tunayoandaa pamoja na Kenya na Uganda. Nafurahi, kabisa, nitaenda kama nitapata tiketi. Lakini mchezaji anaanzia kwenye uwanja wa mtaa akiwa na miaka 8.

## Mtoto hana kura

Kuna sehemu ngumu zaidi ya uwanja, na nisiposema nitakuwa sijaandika kitu.

Karibu nusu ya Watanzania wana chini ya miaka 18. Hawapigi kura. Baba zao wanapiga. Kwenye uwanja hiyo haionekani sana, inaonekana pale mtoto anapoumizwa na mtu anayefahamika. Wote tunajua inavyokwenda: familia mbili zinakaa, anaitwa mzee mmoja wa heshima, linatajwa faini, mambo "yanamalizwa nyumbani", na mara nyingine kiongozi wa eneo anaombwa awepo ili iwe na uzito. Na kipindi cha likizo ya Desemba, kwenye baadhi ya maeneo ya mkoa wetu, kuna mabinti wanapelekwa kukeketwa, kitu ambacho sheria imekikataza kwa walio chini ya miaka 18 tangu 1998, na mtaa unajua, na mtaa unakaa kimya.

Sasa jiweke kwenye nafasi ya diwani. Anayekuomba ukae kwenye kikao hicho ndo aliyekupigia kampeni. Ukikataa ukaripoti, unapoteza ukoo mzima. Mtoto hana cha kukulipa.

Mi nadhani hapa ndo diwani anapimwa kuliko sehemu nyingine yoyote, na hapa ndo hakuna anayempima. Sheria ile ile ya Mtoto inamtaka mtu yeyote kwenye jamii mwenye ushahidi kwamba haki ya mtoto inavunjwa apeleke taarifa kwa mamlaka ya serikali ya mtaa wake. Kuna afisa ustawi wa jamii, kuna dawati la jinsia na watoto polisi, kuna namba 116 ya bure. Kuna hadi kamati za ulinzi wa wanawake na watoto ngazi ya kata, zilizoanzishwa na MTAKUWWA, ule mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto. Kwenye karatasi tumekamilika. Kinachokosekana ni mtu mmoja mwenye jina kubwa kwenye kata asimame mkutanoni aseme kwa sauti: mimi msiniite kwenye kikao cha kumaliza jambo la mtoto aliyeumizwa, sitakuja, na nikisikia nitaripoti. Akisema hivo mbele ya watu hata mtendaji anapata nguvu, hata mwalimu, hata mama wa huyo mtoto.

Sijawahi kusikia diwani anasema hivo kwenye kampeni. Ningempa kura bila kuuliza chama.

## Tulichofanya

Tuliongea wazazi kama kumi hivi, wengi akina mama, na yule mama wa genge ndo mkali wetu. Tulikubaliana tusiende kwa diwani na lawama. Tukaandika barua kwa Kamati ya Maendeleo ya Kata, nimeichapa mwenyewe, tukaomba mambo matatu. Kwanza tuonyeshwe mchoro wa mipango miji wa eneo letu, kile kipande kimeandikwa nini, maana kila mtu ana stori yake, huyu anasema ni eneo la wazi, huyu anasema ni la mtaa, huyu anasema lina mwenyewe, na hakuna aliyeuona mchoro. Pili, kama kuna maombi ya kubadili matumizi, tuambiwe yamefika wapi. Tatu, watoto wawili na vijana wawili wa kile kikundi waitwe wakae kwenye kikao siku hilo linajadiliwa, na waongee.

Hilo la tatu lilileta ubishi hata kati yetu. Mzazi mmoja akasema mtoto ataongea nini mbele ya mtendaji. Yule binti wa sweta alikuwepo siku hiyo, kamsindikiza mama yake, na alikuwa ameshapima uwanja kwa hatua na kuuchora kwenye daftari la hesabu: goli liko wapi, vigingi viko wapi, wadogo wa chekechea wanachezea upande gani, wapi mvua ikinyesha maji yanatuama. Tumekiambatanisha hicho kichoro na barua.

Nilimpelekea diwani nakala mkononi. Aliisoma yote akiwa amesimama. Akaniambia, "Mama, hili mngeniambia mapema ningelipeleka kwenye kamati." Nikamwambia mheshimiwa, mtoto alikwambia mkutanoni. Hakukasirika. Akakaa akaisoma tena, akauliza huu mchoro kachora nani.

Barua imegongwa muhuri na iko kwenye ajenda ya kikao kijacho cha kamati ya kata, mwenyekiti ni yeye mwenyewe. Muda wa kukusanya vipaumbele vya bajeti nao ndo huu, mwaka wa fedha unaanza Julai lakini yanayoingia humo yanaamuliwa miezi mingi kabla, kwahiyo nasisi tumeongeza kwamba uwanja ukithibitishwa ni wa wazi, utengewe hela ya kuuwekea mipaka. Vigingi bado vipo. Ujenzi haujaanza.

Nitaandika kitakachoamuliwa, kiwe kizuri au kibaya. Na kama kuna mtu hapa, wa Arusha au Moshi, amewahi kuomba kuona mchoro wa mtaa wake akafanikiwa, naomba aniandikie alianzia ofisi gani na alienda na barua ya nani.